Hodi ya Tatu

Tandika, Dar es Salaam
4 Septemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa wifi yako Warda anasumbuliwa na goti, na mwanao Ibrahimu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Wewe je? Presha inaendaje? Zile dawa unazinywa au unawapa kuku?

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako haipatikani, na najua dawa yake ni wewe upande juu ya paa, jambo ambalo sikuombei. Barua nampa Hussen wa gari la samaki. Anapita Pande kila anapojaaliwa gari zima.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bwana Manoli amenipigia kutoka kisiwani kwao Ugiriki. Moyo wake umechoka, madaktari wamemkataza kupanda ndege, na ameamua kuiuza nyumba ya rasini. Kazi ya kutafuta mnunuzi amenipa mimi. Dada, tangu nianze udalali nimeuza viwanja vya Chanika na mabanda ya Mbagala. Nyumba kama hii sijawahi kuigusa. Ikiuzika, watoto wangu watalala kwao. Tangazo nimeliandika hivi, lisome unisahihishe:

"Inauzwa. Nyumba ya kifahari, rafiki wa mazingira, ufukweni, jirani na kijiji tulivu cha Pande, Kilwa. Kuta za mawe na chokaa, nyeupe kama nyumba za visiwa vya Ugiriki. Umeme wa jua. Maji ya mvua, tangi chini ya sakafu. Choo kisichotumia maji. Mlango wa kale wa mninga, kazi ya mkono. Utulivu kamili."

Kuna kasoro moja. Mlango mkubwa haufungiki kwa ndani kwa kuwa komeo lake halipo. Marehemu Rashidi ndiye aliyekuwa nalo, na alikuwa analileta. Kama limeonekana popote, liweke.

Na wewe anza kufikiria pa kuhamia. Mnunuzi atakuja na mlinzi wake.

Mdogo wako,
Twalib

*

Rasini, Pande
29 Septemba 2024

Twalib mdogo wangu,

Marahaba. Presha ipo mahali pake na dawa zipo mahali pake, hazijagombana. Mwambie Warda akande goti kwa maji ya moto na chumvi, na aache kupanda ngazi za watu. Zakia ameniandikia kutoka Kipatimu, shule imempa darasa la pili lenye watoto tisini, na mjukuu wangu wa pili ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Mikorosho imetoa maua mazuri. Ukungu usipoyaunguza tutaokota kitu.

Tangazo lako nimelisoma mara mbili. Choo kisichotumia maji, sawa, lakini mwandikie mnunuzi kwamba mlinzi wa hiyo nyumba ni Mwislamu na huingia na kopo lake. Utulivu kamili sijui umeupata wapi, wewe uliyelala hapa siku moja tu.

Na mlango umeuandika "wa kale", kama vile aliyeuchonga hakuwa na jina. Ni mlango wa baba, na kabla yake wa babu. Najua unayajua haya, lakini acha niyaandike, mkono wangu unayataka. Nilikwenda Kipatimu kumlea Zakia alipojifungua mtoto wa kwanza, arobaini ilipokwisha nikarudi Pande, nikakuta nyumba ya baba imebaki tundu mbele, mbuzi wanaingia na kutoka. Rashidi kauchukua mlango kaupeleka rasini kwa Mgiriki, kwa kuwa Mgiriki hakutaka kukata mti mpya. Ndugu yetu mwenyewe, fundi seremala, mtoto wa nyumba ile. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba asinipigie hodi mpaka mlango wa baba urudi. Naye akaenda zake Songo Songo kuunda mashua. Mwaka uleule Mgiriki akatafuta mtu wa kukaa na nyumba, nikasema nipo. Watu walinicheka, mtoto wa fulani anafagia kwa mzungu. Sikuja kufagia. Nilikuja kukaa na mlango wetu.

Habari za komeo sizijui.

Wageni wako wakija, waje asubuhi. Saa sita mpaka alasiri wasije. Ni jua tu, hapa halina huruma.

Dada yako,
Mwahija

*

Tandika
20 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo tena. Goti la Warda limesikia chumvi, anakushukuru. Ibrahimu ameota jino moja, limekuja upande.

Nimepata watu. Ni Mholanzi na mkewe, wamestaafu, wanataka mahali pa kuzeekea pasipo na moshi wa jenereta. Picha zimewapendeza mno, hasa mlango. Ila hilo la asubuhi haliwezekani. Ndege yao itatua Masoko saa nne, na kutoka hapo mpaka rasini unaijua barabara. Watafika mchana. Jua wanalitaka, dada, ndilo wanalonunua.

Hussen amenieleza jambo ambalo halikunipendeza. Anasema binti uliyekuwa naye, yule Tawakali, ameacha kazi bila kuaga na hataki kusema kwa nini. Na anasema yeye mwenyewe alikuja na samaki mchana mmoja akakukuta umekaa sakafuni umeuelekea mlango, sahani ya wali mbele yako haijaguswa, na alipopiga hodi hukujibu. Akapiga tatu, akageuza. Alidhani una wageni wa heshima. Unaumwa? Kama unaumwa sema, nikutafutie daktari, hiyo nyumba si mume wako.

Komeo nakuomba ulitafute kwa bidii. Mholanzi anataka mlango ukiwa kamili. Baba alisema mlango usio na komeo ni ubao tu, unakumbuka.

Twalib

*

Rasini
18 Novemba 2024

Twalib,

Marahaba. Mimi siumwi. Korosho zimeokotwa, magunia manne, mengine ukungu umekula. Mzee Nurdin jirani yetu amefariki, alikuwa wa mwisho aliyemjua babu kwa sura. Umwombee.

Hussen kumbe alikuja. Mwambie anisamehe, sikujua kama ni yeye.

Nitakueleza, na usinicheke. Saa saba mchana, jua likiwa utosini na hata kunguru wamenyamaza, mtu hupiga hodi katika mlango huu. Hupiga mara tatu. Kati ya moja na nyingine huacha nafasi ya kumtosha mtu kujifunga kanga na kuja. Baada ya ya tatu, kimya. Nikifungua, baraza tupu, na mchanga hauna nyayo. Si kila siku. Aghalabu ni siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na kurudi kwa nguvu. Tawakali alisikia mara mbili, ya pili akafunga mzigo wake. Imeanza mwaka jana baada ya Idd.

Sijibu. Sisi tumelelewa hivyo, sauti ya saa saba isiyo na mtu haijibiwi, hujui umemkaribisha nani. Kwa hiyo nakaa, nasikiliza, mpaka zitimie tatu. Halafu chakula kinanishinda.

Sasa nikuulize na mimi. Katika barua yako ya kwanza uliandika kwamba Rashidi komeo alikuwa analileta. Umejuaje? Msibani uliapa mbele ya mashehe na mbele yangu kwamba tangu ugomvi wa mlango hamkusemezana hata kwa simu. Mtu msiyesemezana naye humjui anakuja na nini mkononi.

Wageni usiwalete mpaka unijibu.

Mwahija

*

Tandika
15 Desemba 2024

Dada Mwahija,

Shikamoo. Kimya chako kimenitia wasiwasi, lakini nimesikia daraja limekatika na gari la Hussen limelala huko Nangurukuru wiki ya tatu, hivyo huenda umeandika na barua imelala naye. Hii nampa kijana wa basi aje nayo mpaka Masoko.

Waholanzi wanafika tarehe ishirini na nane. Mimi sitaweza kuwaleta, nina kesi ya kiwanja barazani, kwa hiyo dereva atawaleta na wewe utawafungulia. Wapikie wali wa nazi na pweza. Wafungulie madirisha yote, waonyeshe tangi la maji ya mvua, waeleze kwamba chokaa imechomwa papa hapa. Usiwaambie habari za kopo.

Tafadhali, dada. Watoto wangu wanne wanalala chumba kimoja.

Twalib

*

Rasini
2 Januari 2025

Twalib,

Salamu zako zimefika pamoja na basi. Marahaba. Niko mzima wa mwili.

Wageni wako walikuja. Mume ni mrefu, alikwenda moja kwa moja kwenye mabetri ya umeme wa jua, hakuyaacha. Mke jina lake lilinishinda ulimi. Nywele nyeupe, macho ya mtu aliyewahi kulia, na anajifunza Kiswahili kwenye simu yake. Alinishika mikono akasema shikamoo, nikamwitikia. Nilimpenda, nisikufiche. Alikula pweza mpaka akaramba vidole.

Nilikuwa nimehesabu siku za mwezi na nilijua ni bamvua. Nilijitahidi kuwatoa nje kabla ya saa saba, nikawaambia twende tukaone mikoko. Mume akasema jua kali, tukae. Tukakaa sebuleni. Yeye anaeleza habari za paa, mimi naangalia mlango.

Ikaja ya kwanza. Sauti ileile, ya chini, ya mtu mwenye adabu. Mume hakusikia, aliendelea na maneno yake. Nikamwona mke ameinua kichwa.

Ikaja ya pili. Yule mama akaugeukia mlango, akatabasamu kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua, akasema, "Karibu. Karibu ndani."

Ya tatu haikupigwa.

Akanyanyuka mwenyewe akafungua. Hapakuwa na mtu. Akaniuliza nani alikuwa anapiga hodi, nikamwambia ni upepo. Akaniangalia sana. Hakuniamini, na hakuniuliza tena.

Tangu siku ile hodi haijarudi. Mwezi umekufa, mwingine umeandama, kimya. Nilidhani nikiikosa nitalala vizuri. Twalib, sijawahi kulia hivi, hata msibani sikulia hivi. Mimi niliyezaliwa na neno hilo mdomoni nimelifungia mwaka na miezi minane. Amelisema mgeni wa wiki tatu, bila gharama, kwa sababu alifundishwa kwamba mtu akipiga hodi huambiwa karibu.

Ameingia. Yumo humu ndani, namsikia anavyokaa. Na wewe unataka kuiuza nyumba naye akiwa ndani. Mimi sitoki rasini.

Mwahija

*

Tandika
19 Januari 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Novemba na hii ya Januari zimenifikia siku moja, Hussen kazileta zote mbili zikiwa zinanuka papa. Nilizisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Warda akaniuliza nani kafa.

Waholanzi wameitaka nyumba. Nilikuwa nimeruka kwa furaha asubuhi, jioni ndiyo nikazisoma barua zako.

Hukumtaja jina, na mimi sitakuuliza. Nitajibu ulichoniuliza, maana nimekificha kutosha.

Niliapa uongo. Rashidi alinipigia simu kutoka Songo Songo siku ya Idd mosi, mwaka juzi. Tulikuwa tunazungumza muda wote, dada, kwa siri, nilikuogopa. Alisema mwaka mzima amefanya kazi na moyo wake haumo kazini. Alisema Idd hii hawezi kuimaliza bila kukuomba radhi, na kwamba komeo la mlango analo, alilichomoa siku aliyoupeleka mlango kwa Mgiriki, akaliweka, kwa sababu mlango kamili hakuweza kumwuzia mtu. Alikuwa anakuletea wewe, si Mgiriki.

Akaniuliza afanyeje, kwa kuwa ulimkataza kukupigia hodi. Nikajiona hodari wa maneno. Nikamwambia pale si mlangoni kwako, ni mlangoni kwa baba, na kwa baba tunajua sheria. Hodi tatu. Usipojibiwa, geuka, mwenye nyumba hayupo au hakutaki, na yote mawili ni haki yake.

Akacheka. Akasema, "Twalib, mlango ule haufungiki, komeo ninalo mimi mkononi. Nikisukuma tu naingia, nimkumbatie, anipige, yaishe."

Nikamkataza. Dada, mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia ukiingia bila kukaribishwa hatakusamehe milele. Akasema sawa, mdogo wangu, nitapiga tatu.

Siku iliyofuata maji yakamchukua. Wewe ulisema msibani kwamba hakufika kwako, alizama akija. Nililishika neno hilo kama mtu aliyeangukia ubao baharini. Kama hakufika, basi hodi hakuipiga, na ushauri wangu haukumdhuru mtu.

Sasa nambie. Alifika?

Twalib

*

Rasini
10 Februari 2025

Twalib mdogo wangu,

Marahaba, baba. Nimekaa na barua yako siku kumi. Kila nikishika kalamu nakwenda kufagia.

Alifika.

Ilikuwa Idd pili, saa saba. Nilikuwa peke yangu, nimechuja tui la pili. Alivuka kwa miguu kutoka Pande wakati maji yametoka, kama sote tunavyovuka. Nilimjua kwenye hodi ya kwanza. Uongo wa kwamba sauti ya saa saba haijulikani ni ya nani niliutunga baadaye, nikautumia mpaka nikauamini nusu. Sauti ya Rashidi naijua tangu yuko mgongoni kwangu.

Nikasema, na asimame kidogo. Alinitobolea nyumba ya baba, na asimame juani.

Ya pili nilijifunga kanga. Ya tatu nilikuwa nimefika mlangoni. Nilikuwa nimeuweka mkono kwenye mbao, hivi, na yeye yuko upande wa pili, namsikia anahema. Palikuwa na unene wa mlango tu kati yetu. Nikasema moyoni: akipiga ya nne nitafungua. Nilitaka moja tu ya ziada, Twalib. Nilitaka nijue kwamba ananitaka kuliko adabu yake.

Nikasahau kwamba ni mtoto wa baba. Mtoto wa baba hapigi ya nne.

Nikasikia ndala zake zikishuka ngazi. Nilijua ni bamvua na maji yamekwisha geuka. Nilijua. Nikasema atangoja kwenye mikoko mpaka yatoke tena, na alasiri nitamtumia chakula, nitajifanya sijui lolote. Nikarudi jikoni nikaupalia wali makaa.

Alasiri nilifungua. Kwenye kizingiti palikuwa na komeo, limefungwa kwenye gazeti, limepakwa mafuta ya nazi hata limeng'aa. Hakuacha karatasi. Maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya mwisho.

Nililifukia ndani ya debe la mchele. Walipokuja watu wa Pande jioni kuniuliza kama nimemwona, nikasema hakufika. Hatukupata mwili wa kuosha. Tulimswalia hayupo, na mimi nikakaa safu ya wanawake nikiitikia amina, mchele wangu unajua.

Wewe ulimfundisha kuondoka, na mimi nilimwacha aende. Usiichukue yote peke yako, na usinipe yote.

Nyumba uza. Sina haki ya kuwalaza watoto wako chumba kimoja kwa dhambi yangu. Ila mlango hapana. Nitamtoa vipi humo ndani nikiuacha mlango?

Dada yako,
Mwahija

*

Tandika
27 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Ramadhani inaingia, nikuombe radhi mapema, kwa kila neno.

Nimeisoma barua yako, kisha nikamsomea Warda. Alizima jiko akaja akakaa karibu nami. Sina neno la kukulaumu. Ningekuwa nalo lingeanzia kwangu.

Nilimpigia Bwana Manoli nikamwambia mlango ule hauuzwi. Akasema kwao kisiwani nyumba ya mama yake iliuzwa na kila kitu, mpaka picha ukutani, na bado anaiota. Akakubali. Mholanzi alikasirika, ndio alioipendea nyumba. Mkewe ndiye aliyemaliza maneno. Alisema mlango ule una mwenyewe, alisikia anavyoita.

Nimemtuma fundi Sixbert wa Masoko akung'olee mlango na fremu yake taratibu, na Hussen ataubeba. Upelekwe Pande, kwenye kile chumba ulichokijenga kiwanjani kwa baba nyumba ilipoanguka. Mimi sitafika. Nina kazi za hati, na hii kesi haijaisha.

Mdogo wako,
Twalib

*

Pande
15 Aprili 2025

Twalib,

Marahaba, na Idd njema iliyopita. Ibrahimu ashukuriwe kwa sukari na tende, mwambie jino la upande ni la bahati, babu yake alikuwa nalo. Zakia alikuja na watoto, wamemaliza mayai yote. Muhogo upo, mvua imenyesha kwa kipimo.

Sixbert ni fundi mwenye adabu. Kabla hajaingiza patasi nilimwomba asubiri nje. Nilizunguka vyumba vyote vya nyumba ile nyeupe, kimoja kimoja, na ubani, nikasema kwa sauti kama mama anayewaita watoto, "Rashidi, tunahama. Twende nyumbani." Nilisema mpaka chooni. Sikuona kitu wala kusikia kitu. Nikarudi mlangoni, nikamwambia Sixbert haya, ung'oe.

Hussen hakuweza kupita njia ya juu kwa tope. Tulingoja maji yatoke tukauvusha mlango mabegani, watu sita, palepale anapovukia kila mtu. Nilitembea mbele na komeo nimelifunga kiunoni. Maji yalikuwa yananifika kwenye vifundo vya miguu, ya uvuguvugu. Katikati ya mkondo nilisimama, wabebaji wakanipita, hakuna aliyeniharakisha.

Umesimamishwa. Chumba ni kidogo, mlango ni mkubwa, Zakia anasema kama mtoto aliyevaa kanzu ya babake. Komeo limeingia bila kugongwa.

Sasa nisikilize. Juzi ilikuwa bamvua. Saa saba nilikaa ndani nikangoja, nimeshalishika neno mdomoni tayari. Hakuja mtu. Nikaelewa kwamba hatapiga tena, yeye zake amekwisha piga zote. Mwenye kupiga ni mimi.

Nikatoka nje, nikaurudisha mlango nyuma yangu bila kufunga. Nikasimama juani pale ambapo yeye alisimama. Nikapiga hodi. Kimya. Nikaacha nafasi ya mtu kujifunga kanga na kuja. Nikapiga ya pili. Kimya. Mtu aliyekuwa anapita na kuni alinitazama, mwanamke mzima anapiga hodi kwake mwenyewe.

Ya tatu sikuipiga, Twalib. Nikiipiga nisijibiwe itabidi nigeuke, na mimi sina pengine pa kwenda. Nimeiweka. Tangu juzi naingilia mlango wa uani.

Umeandika kwamba hutafika, una kesi. Najua kinachokuzuia si kesi. Maji ya mkondo ule nawe unayaogopa, na mlango unauogopa. Basi pita njia ya juu, tope limekauka. Njoo kabla ya bamvua ijayo, uingilie uani, ukae ndani mahali pa Rashidi, mgongo ukutani. Ndugu mmoja anaweza kumjibia mwenziwe.

Mimi nitakuwa nje. Nimebakiwa na moja.

Dada yako,
Mwahija